Karanga Zilizomwagiwa Maji

Kila Jumamosi, nikishafagia uwanja, mimi na bibi tuliketi kibarazani kumenya karanga. Vidole gumba viliniuma hadi nikazichukia karanga zenyewe. Jumamosi moja wenzangu walikuwa wakinisubiri kwenye uwanja wa mpira. Bibi alipokwenda kisimani, nilizimwagia maji karanga za ndoo yangu ili maganda yalainike. Chama cha wakulima cha hapa wilayani kwetu Mchinji kilikuwa kimekataza jambo hilo, nami nilijua.

Bibi aliporudi na kukuta nimeshamaliza kumenya ndoo yangu, alicheka kwa furaha. "Tiyamike, una mikono myepesi kama ya mama yako!" Nikaipokea sifa hiyo, nikakimbilia mpirani.

Wiki tatu baadaye tulipeleka karanga zile kwenye maabara ya chama zipimwe kabla ya kuuzwa. Mpimaji, Bi Nankhoma, alisaga chache, akachanganya unga na dawa, kisha akachovya kikaratasi chembamba.

"Ikitokea mistari miwili, ni salama," alisema. "Ukitokea mmoja, zina sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota penye unyevu."

Tulisubiri. Ulitokea mmoja.

"Kikaratasi chako kimekosea!" Bibi alifoka. "Karanga nimezianika mwenyewe. Tazama zinavyong'aa!"

"Agogo," Bi Nankhoma alimwita kwa neno letu la bibi, "sumu hii haionekani, wala moto hauimalizi. Inaharibu ini, hasa la mtoto."

"Basi kama hamzitaki, Yankho wangu atazila kwenye uji."

Yankho ni mdogo wangu. Alikuwa na miezi minane, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kula uji.

"Agogo, usimpe!" nililia. "Nilizimwagia maji."

Bibi alinitazama. "Ili ukacheze?"

"Ndiyo."

"Na sifa nilizokupa ukazichukua hivyo hivyo?"

Afadhali angenichapa kuliko kuniuliza hivyo.

Bi Nankhoma alipima karanga za gunia jingine, ambazo bibi alikuwa amezimenya kavu. Mistari miwili ikatokea. Zile zangu tulizifukia shimoni, na shimo nililichimba mimi.

Tukiwa njiani kurudi, bibi alinishika mkono.

"Vidole vikiuma, niambie, tutapumzika. Usinidanganye tena. Kile kikaratasi kimeiona sumu, lakini hakikunizuia kumpikia Yankho. Kilichonizuia ni wewe kusema kweli, ingawa ulikuwa unaogopa."