Mapacha wa Kwenye Katalogi

Kila asubuhi ya likizo, Kiherehere alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuweza kumwona mtu anafua nguo asitumbukize mikono kwenye beseni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa bado linamkaa vizuri.

Mama yake alikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu. Walipofika mlangoni walimkuta mkuu wa maktaba amesimama kama kawaida yake, kidole kikiwa tayari karibu na midomo. Wanafunzi walimwita Mama Shii.

"Shikamoo," Kiherehere alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Viatu vyako vinapiga kelele. Kanyaga taratibu."

Chumba cha mama kilikuwa nyuma, mbali na wasomaji. Kilikuwa na meza mbili, dirisha lililotazama uani na rafu ya vitabu vipya vilivyonuka gundi. Mama alitundika mkoba wake nyuma ya mlango, akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, kisha akabonyeza kitufe cha kompyuta.

"Amka, mvivu we," aliiambia, kama alivyoiambia kila siku.

Kazi ya Kiherehere ilikuwa kubandika lebo za namba kwenye migongo ya vitabu vipya. Aliifanya kwa uangalifu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Lakini mdomo huo haukuweza kukaa kimya kwa muda mrefu.

"Mama, mtu wa chuo cha mbali akitaka kitabu cha hapa, anajuaje kwamba kipo?"

"Zamani hakujua. Kila chuo kilikuwa na katalogi yake, yaani orodha ya vitabu vyake, kimejifungia nayo. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilisafiri kwa basi kutwa nzima kufuata kitabu, nikafika hapa nikaambiwa hakipo."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa kwenye ngazi zile za mbele, nikalia. Kisha nikapanda basi nikarudi."

Kiherehere aliacha kubandika. Hakuweza kumfikiria mama yake akilia kwenye ngazi.

"Sasa mambo yamebadilika," mama aliendelea, na uso wake ukachangamka. "Vyuo sita tuna katalogi moja. Kitabu kipya kikifika kwa mmoja wetu, anakiandikia kadi humu ndani ya kompyuta: jina la kitabu, mwandishi, idadi ya kurasa, na kinahusu nini. Wengine wakikipata kitabu hicho hicho hawaandiki tena. Wanatumia kadi ya mwenzao. Na mwanafunzi popote alipo anatafuta mara moja tu, anaona kitabu kiko chuo gani, anaagiza, gari la vitabu linampelekea."

"Kumbe mnanakili kazi za wenzenu! Sisi darasani tukifanya hivyo tunaadhibiwa."

Mama alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Sisi tunanakili kwa ruhusa, mwanangu. Na kwa kuaminiana."

Siku hiyo mama alikuwa na kazi ya mapacha. Katalogi za vyuo zilipounganishwa, baadhi ya vitabu vilijikuta na kadi mbili, na wakutubi walizoea kuziita kadi hizo mapacha. Zilionekana kwenye skrini zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu, na chini yake palikuwa na kitufe kilichoandikwa UNGANISHA. Mama alikuwa habonyezi kitufe hicho haraka. Alikwenda kwanza kwenye rafu, akakifungua kitabu chenyewe na kusoma ukurasa wake wa mwanzo. Kama kitabu kilikuwa chuo kingine, alipiga simu ili mwenzake wa huko akifungue.

"Mbona majina yanafanana kabisa?" aliuliza Kiherehere. "Si ubonyeze tu?"

"Wewe na binamu yako mnafanana kabisa. Siku nikija shuleni nikamchukua yeye, nikakuacha wewe getini, utaniambiaje?"

Kiherehere aliangua kicheko. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na safari hii aliyepiga kelele alikuwa Mama Shii mwenyewe.

"Bomba limepasuka! Chumba cha magazeti kinaingia maji! Njoo upesi!"

Mama alitoka mbio. Kompyuta aliiacha inawaka.

Kiherehere alibaki peke yake akiitazama skrini. Zilikuwa zimebaki jozi nne tu za kazi ya siku ile. Alifikiria jinsi mama atakavyorudi amelowa na kuchoka, akute kazi yote imekwisha. Atafurahije! Mikono ilianza kumwasha kama siku zile za beseni.

Alikaa kwenye kiti cha mama. Jozi ya kwanza majina yalifanana. Akabonyeza. Ya pili na ya tatu vilevile. Jozi ya nne ilikuwa ya kitabu kinene cha magonjwa ya ng'ombe. Jina lilikuwa lile lile na mwandishi yule yule, lakini idadi ya kurasa haikulingana. Kidole chake kilisita.

"Aah, labda mtu alihesabu vibaya," alijisemea, akabonyeza.

Kufumba na kufumbua, kadi mbili zikawa moja. Kiherehere alirudi kwenye lebo zake, moyo wake ukiwa mweupe kabisa.

Mama aliporudi, sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini. "Mwanangu, bado tunahamisha magazeti. Hebu mpelekee dada wa vifurushi vitabu hivi. Gari linakaribia kuondoka." Akatoka tena kabla Kiherehere hajapata nafasi ya kumwonyesha zawadi yake.

Dada wa vifurushi alikuwa msichana mcheshi aliyefunga vitabu vilivyoagizwa na vyuo vingine. Nje ya dirisha lake gari la vitabu lilikuwa limeegeshwa, na dereva akifuta kioo.

"Karibu, Bi Mkubwa," alimtania. "Nisaidie kufunga hiki cha mwisho. Hebu sikia ombi lenyewe, limeingia punde tu." Akasoma kwenye skrini yake: "'Natafuta juzuu ya pili ya kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Mwalimu wangu anasema ipo, lakini mimi naona kadi moja tu. Kesho alfajiri naondoka kwenda kufanya kazi na wafugaji mwaka mzima, na huko hakuna maktaba. Naombeni mnisaidie.' Maskini! Huyu ni wa chuo cha kilimo. Ya pili itoke wapi, na katalogi inasema ni kitabu kimoja? Tumpe hiki hiki."

Kiherehere alikichukua kitabu. Kilikuwa kizito. Alifungua ukurasa wa mwanzo, kama alivyomwona mama akifanya, akausoma, akausoma tena. Chini ya jina paliandikwa: Juzuu ya Kwanza.

Mtu hakuwa amehesabu vibaya. Vilikuwa vitabu viwili.

"Vipi, umeona jini humo?" aliuliza dada wa vifurushi.

"Hapana, dada. Nakuja sasa hivi."

Alisimama kwenye korido, mgongo ukutani. Hakuna aliyemwona. Kompyuta ilijua jina la mama peke yake. Na mbele yake, ukutani, palibandikwa karatasi aliyoipita kila siku: MKUTUBI, USIACHE KOMPYUTA YAKO WAZI. Akisema ukweli, mama ndiye atakayeaibika. Akinyamaza, gari litaondoka, na mtu asiyemjua atafungua kifurushi jioni akute kitabu kisicho chake. Akilini alimwona mtu huyo amekaa kwenye ngazi. Kisha akaona sura ya mtu huyo, na ilikuwa ya mama yake.

Kiherehere alipiga moyo konde, akakimbia, viatu vikigonga sakafu.

"Mama," alisema akihema, kati ya marundo ya magazeti yaliyolowa, "mimi nimeunganisha wale mapacha. Jozi zote nne. Nilitaka ukute kazi imekwisha. Wa ng'ombe hawakuwa mapacha, mama. Ni juzuu mbili."

Mama aliweka chini magazeti aliyoshika. Akavua miwani.

"Vitabu ulivifungua?"

"Hapana."

"Kurasa ulizitazama?"

"Zilitofautiana. Nikadhani mtu alihesabu vibaya."

"Ukadhani." Mama hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Kiherehere kuliko makofi. Kisha mama akamgeukia Mama Shii, aliyekuwa amesimama karibu na ndoo. "Mkuu, umesikia. Niliiacha kompyuta wazi. Kosa linaanzia kwangu."

"Lile la kompyuta tutalizungumza," alisema Mama Shii. "Kwanza dereva. Mwambieni asiwashe gari."

Waliporudi mbele ya skrini, Kiherehere alielewa ukubwa wa alichofanya. Kadi ile moja sasa ilionyesha kwamba kitabu kiko kwenye maktaba nne: hapa kwao, chuo cha ualimu, chuo cha udaktari na chuo cha ufundi. Ni nani kati yao aliyekuwa na juzuu ya pili? Kompyuta haikujua tena. Na kwa kuwa katalogi ilikuwa moja, haikujua katika vyuo vyote sita kwa pamoja.

Mama alipiga simu ya pamoja, ile waliyoitumia wakutubi wa vyuo vyote, akaweka sauti kubwa. Kiherehere alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wenzangu," alisema mama, "nimeharibu. Niliacha kompyuta wazi, mwanangu akaunganisha jozi nne bila kufungua vitabu. Kuna mwanafunzi wa chuo cha kilimo anahitaji juzuu ya pili ya magonjwa ya ng'ombe kabla ya alfajiri. Naombeni kila mwenye kitabu hicho akakitazame kwa macho yake."

Kiherehere alingoja kelele na lawama. Alichosikia ni viti vikisukumwa nyuma.

"Naenda kwenye rafu," ilisema sauti ya mwanamke wa chuo cha udaktari.

"Ngoja nichukue ngazi," ilisema sauti ya kijana wa chuo cha ufundi. "Ng'ombe wetu wanakaa juu kabisa."

"Na mimi nakwenda, lakini magoti yangu ni ya zamani, msinikimbize," ilisema sauti ya mzee wa chuo cha ualimu.

Kiherehere alisikia nyayo zikienda mbali, katika majengo ambayo hajawahi kuyaona. Watu hawa hawakuwahi kumwona mwanafunzi yule, wala hawakumjua jina. Kila mmoja alikuwa ameacha kazi yake katikati. Nje, dereva alipiga honi mara mbili, na Mama Shii akamnyooshea kidole dirishani kwa ukali.

"Udaktari hapa. Yangu ni ya kwanza."

"Ufundi. Ya kwanza. Na nimekula vumbi la kutosha, asanteni."

Nyayo za mzee zilirudi polepole mno. Kiherehere alishika ukingo wa meza. Wakasikia kurasa zikifunuliwa, kisha mtu akakohoa.

"Juzuu," alisoma mzee, "ya Pili. Ninayo hapa mkononi! Na kadi yake, nakumbuka sasa, niliiandika mimi mwenyewe nikasahau kutaja juzuu. Kwa hiyo, mkutubi mwenzangu, usibebe kosa lote. Nigawie na mimi."

Mama Shii aliinama dirishani. "Dereva! Washa gari! Chuo cha ualimu watakungoja nje wakiwa na kifurushi. Kutoka hapo moja kwa moja chuo cha kilimo!"

"Sasa mama, si ndiyo nilikuwa nataka kuondoka?" alijibu dereva, akaondoa gari.

Mchana ule wote walizitenganisha kadi na kuzichunguza upya. Jozi mbili zilikuwa mapacha wa kweli. Nyingine ilikuwa ya matoleo mawili tofauti. Mama alisoma kwenye skrini, na Kiherehere akatumwa kwenye rafu kufungua kila kitabu kilichokuwepo na kusoma ukurasa wa mwanzo kwa sauti. Vya mbali vilisomwa kwenye simu na wenyewe. Mama Shii naye alivuta kiti, akakaa nao. Alikwisha kumwambia mama kwamba kwa muda hataunganisha kadi yoyote bila mwenzake kuikagua, na mama alikubali bila kunung'unika.

"Mkuu," Kiherehere aliuliza kwa sauti ndogo, "kwa nini hawakutugombeza?"

Mama Shii alimgeukia. "Mwanangu, maktaba hizi sita haziunganishwi na nyaya. Zinaunganishwa na imani. Ninapotumia kadi ya mzee wa chuo cha ualimu, naamini kwamba alikifungua kitabu. Ukifanya kazi ya kudhani, unaharibu kwa watu wengi ambao hutawaona maishani mwako. Hilo la kwanza. La pili, wote hukosea, hata mzee wetu. Lakini yeye akikosea anasema, na mama yako anasema, na leo na wewe umesema wakati ulikuwa na njia ya kunyamaza. Kosa lililotajwa mapema, watu sita wanalirekebisha. Lililofichwa linabaki humo, linamngoja mwanafunzi mwingine. Bidii unayo, tena ya kumwaga. Iongezee macho, na ukweli wako usiuache."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa. Mama akamwekea mkono begani na hakuuondoa.

Walikuwa wanafunga madirisha simu ilipolia. Ilikuwa ya mkutubi wa chuo cha kilimo. "Gari limefika," alisema. "Mwanafunzi wenu huyu hapa, ndiyo kwanza anafungua kifurushi."

Walisikia karatasi ikichanwa. Kisha ikaja sauti ya msichana, ukelele mrefu wa furaha uliojaa chumba kizima cha kule na cha huku. Nyuma yake, wasomaji wa maktaba ile walianza kumnyamazisha: "Shiii! Shiii!"

Kiherehere alimtazama Mama Shii. Kidole chake kilikuwa kimeanza kupanda kuelekea midomoni, kwa mazoea tu. Kikaishia njiani.

"Waambie wamwache," Mama Shii alisema kwenye simu. "Leo apige kelele."