Kiti cha Kamba Chumba cha Pili

Kila asubuhi Mercyline hufika shuleni kwao Muthangari na maswali ya kumchosha Mwalimu Kitavi hadi saa sita. Ijumaa hiyo Gredi ya Sita ilipotembelea jumba la sanaa na ubunifu katikati ya jiji, maswali yalimzidi hata yeye mwenyewe.

Nyuma ya kioo kulikuwa na birika. Birika tu la chai, kama la mama yake. Kando yake kijiko, nacho kimewashiwa taa yake peke yake. Lakini benchi la mbao lililong'aa kuliko vyote, watu walikuwa wameliketia wakifunga kamba za viatu.

"Hapa kipi cha kutazama na kipi cha kutumia?" akamuuliza rafiki yake Indu.

"Ukikalia kitu usifukuzwe, ni cha kutumia," Indu akamjibu, akatangulia zake.

Basi katika chumba cha pili, Mercyline alipoona kiti cha kamba kisicho na kioo wala kibao cha maelezo, akaketi. Kikalia kra. Kamba tatu zikakatika. Akaruka kama aliyekalia siafu, akachungulia huku na huku. Hakuna aliyemwona.

Haikupita muda, msimamizi wa jumba, Bwana Macharia, akaziona kamba zilizokatika, akawa anamkabili askari mlinzi wa chumba hicho, Mama Peres.

"Nimekukataza mara ngapi kupumzikia vitu vya maonyesho? Jumatatu usije kazini mpaka uitwe."

"Mimi sijakikalia, bosi. Miguu inaniuma tangu asubuhi, lakini sijaketi."

Mercyline alichanganyikiwa kabisa. Kosa lilikuwa lake, au la aliyesahau kibao? Akisema, baba ataitwa? Asiposema, je? Jambo moja tu halikumchanganya: Mama Peres hakuketi.

"Ni mimi," akasema, sauti nyembamba kama ya mbu. "Nilidhani ni cha kutumia. Halafu nikaogopa."

Bwana Macharia akautazama ukuta mtupu. "Kibao chenyewe bado kiko kwa wachapaji River Road," akakiri. "Kamba fundi atasuka. Mama Peres, niwie radhi. Jumatatu njoo kama kawaida."

Mama Peres akamshika Mercyline bega. "Mwanangu, kukalia kiti ni kosa la dakika moja. Ungenyamaza, mimi ningelibeba kosa hilo hadi nyumbani kwa watoto wangu. Siku nyingine ukichanganyikiwa, sema lile unalolijua. Hayo mengine tuachie sisi wakubwa tuyachambue."