Mtumbwi wa Akiba

Jua lilikuwa linazama upande wa Magomeni Shomari alipotoka dukani kwa Ravindra, Mtaa wa Kongo, chemli mbili mkono huu, mbili mkono ule, na bunda la kamba ya katani begani. Muuza karanga mmoja akamwuliza kama umeme umekatika nchi nzima. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka Kariakoo saa kumi na mbili jioni hana budi kutumia viwiko.

Zilikuwa zile siku za ruksa. Vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa foleni na kujuana sasa vilimwagwa barazani, ukitaka sabuni ya Dubai ipo, ukitaka redio ya vitufe ishirini ipo. Ravindra, aliyezoea kuuza vitambaa kama babu yake, mwaka huo aliagiza makasha tisa ya fashifashi kwa ajili ya Diwali. Hakutaka kuzirushia uani. Alitaka kuzirusha mtoni, kwenye bonde la Msimbazi, ambako mvua za vuli zilikuwa zimefurisha maji hadi karibu na Jangwani, jamaa zake wakitazama kutoka kwenye mitumbwi. Waliomcheka ndio hao hao waliokuja kuomba nafasi ya kutazama.

Ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyompunguza Shomari kazini. Miaka kumi na mmoja alikuwa zimamoto wa kiwanda cha umma. Kiwanda kilipouzwa aliondoka na filimbi, jozi ya buti, na tabia ya kutaka kila kitu kiwe kwenye orodha. Ravindra alipomwambia, "Shomari, wewe kazi yako moja tu, mtu yeyote asiungue, mtu yeyote asizame," alijisikia mtu tena.

Mpango wake ulikuwa mzuri, tusimwonee. Fashifashi zingewashwa juu ya chelezo cha mapipa na mbao, kilichofungwa katikati ya mto. Hatua sitini kutoka hapo, upande wa juu wa mto, ingepita kamba, yenye chemli nne. Mitumbwi minne ingekaa nyuma ya kamba hiyo na isivuke kwa hali yoyote. Mitatu ingebeba watu. Wa nne ungekuwa wa akiba, mtupu, tayari kuokoa atakayeanguka, nao aliupa mdogo wake, Mudi.

Mudi hakujua kuogelea. Shomari alilijua hilo. Ndiyo maana alimpa mtumbwi usio na abiria wa kuutikisa, kando kabisa, karibu na matete, akiona amemweka mahali salama kuliko wote. Alimpenda huyo mdogo wake mpaka akili ikamruka.

"Kazi ya kuokoa watu kapewa mtu anayeogopa ndoo," alisema Rajabu, mwenye mitumbwi, mtu wa maneno mengi aliyekuwa akivusha watu Jangwani kila mafuriko yakija. Wote walicheka, na Mudi alicheka kuliko wote.

Fatuma, mke wa Mudi, alikuwa ameteremka hadi ukingoni na bakuli la mihogo ya nazi. Tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Mumewe alipokuwa akila, Fatuma alimsogelea Shomari.

"Shemeji, utamrudisha?"

"Mimi mwenyewe, hadi mlangoni kwako."

Alisema hivyo huku akifunga chemli. Hakumtazama hata usoni.

Giza liliingia upesi. Diwali huja usiku usio na mwezi, na wingu la mvua lilikuwa limekaa juu ya bonde. Maji yalinuka tope na majani yaliyooza. Kabla hawajasukuma mitumbwi, Shomari alitoa karatasi yake akaeleza utaratibu. Baada ya kila mkupuo wa fashifashi ataita majina. Kila mmoja ataitika. Wote wakishaitika, atapiga filimbi, Ravindra awashe mkupuo mwingine.

Rajabu aliacha kucheka.

"Majina hatuiti mtoni usiku," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi tunagonga. Mimi nagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara moja. Tarsis wa mtumbwi wa pili, mara mbili. Pantaleo wa mtumbwi wa tatu, mara tatu. Mudi atagonga nne. Hivyo ndivyo tunavyojuana."

"Mzee, baruti inalipuka, watu wanapiga makofi. Nitajuaje upi mlio wa kasia na upi wa fataki? Sauti ya mtu huwezi kuikosea."

"Hiyo ndiyo unayoikosea."

"Kwa nini?"

Rajabu alitazama maji, kisha akatazama familia za Kihindi zilizokuwa zikishuka ukingoni na watoto wao. Pengine aliona haya kuongea mambo hayo mbele za watu. Pengine aliogopa kukosa kazi.

"Haya. Wewe ndiye bosi," alisema.

Shomari alipanda mtumbwi wa Rajabu, katikati ya kamba. Mbele yao aliketi Ranjanben, mama yake Ravindra, na sinia la taa ndogo za udongo. Aliziwasha moja moja, akaziteremsha majini, na mkondo ukazichukua taratibu kuelekea darajani. Zilipendeza sana. Shomari alishika kamba kwa mkono wa kushoto ili ahisi kama kuna mtu anaivuta.

Filimbi.

Mkupuo wa kwanza ulipanda juu, ukapasuka mwekundu na kijani. Mto mzima ulionekana. Watoto walipiga kelele, mbwa wa Jangwani wakabweka. Moshi uliposhuka, Shomari aliita.

"Rajabu!"

"Nipo," alinong'ona Rajabu nyuma yake, kwa shingo upande.

"Tarsis!"

"Nipo."

"Pantaleo!"

"Nipo."

"Mudi!"

"Nipo, braza."

Orodha imekamilika. Shomari alitabasamu peke yake gizani. Filimbi.

Mkupuo wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Kombora moja halikupanda sawasawa. Lilikata kona, likapita chini chini juu ya maji na kuzimikia upande wa matete. Chwaaa...

Kisha kamba ikavutwa.

Mara moja. Mara ya pili, kwa nguvu. Mara ya tatu, kidogo tu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Kisha ikalegea.

Shomari aliruka majina yote.

"Mudi!"

Kimya. Chini ya harufu ya baruti kulikuwa na harufu nyingine, ya nguo iliyolowa ikasahauliwa ndooni siku nyingi.

"Mudi!"

"Nipo."

Alishusha pumzi. Akajicheka kwa woga wake. Akaita waliobaki, wote wakaitika.

"Mgongee," alinong'ona Rajabu. Kasia lilikuwa tayari mkononi mwake. "Mgongee, akugongee. Mara moja tu."

"Ameitika. Umemsikia."

"Nimesikia."

"Basi?"

Kutoka kwenye chelezo Ravindra alipunga tochi, akiuliza kama awashe. Watoto walikuwa wakiimba kudai nyingine. Ranjanben aligeuka polepole, sinia mapajani.

"Baba," alimwambia Shomari kwa upole, "taa zangu zinapanda mto."

Shomari alitazama. Ni kweli. Taa tano au sita zilikuwa zimeacha mkondo, zikirudi juu kwa mstari, kuelekea matete. Zilipofika karibu na mahali pa mtumbwi wa akiba zikazimika. Moja. Halafu nyingine. Halafu zote.

Ni upepo, alijiambia. Ni mzunguko wa maji. Mdogo wake ameitika, na sauti ni yake, ile ile yenye mkwaruzo wa sigara. Lakini kuna kitu kilikuwa kimepungua kwenye jibu lile, na hakukijua ni kitu gani. Alikitafuta kichwani huku filimbi iko mdomoni.

Akaipuliza.

Mkupuo wa tatu ulikuwa makasha matatu kwa pamoja. Bonde likawa mchana. Ungeweza kuhesabu majani ya mikoko. Aliuona mtumbwi wa Tarsis na watoto aliowabeba wamesimama, aliuona wa Pantaleo, akageuza macho kwenye matete.

Maji matupu.

Chemli ya mwisho ilikuwa imezama nusu. Kamba ilielea imekatika. Hapakuwa na mtumbwi wala mtu, maji yametulia kama ya kwenye beseni.

"Mudi," alisema. Hata hakuita. Jina lilimtoka tu.

Na palepale, kutoka mahali palipo patupu, mwanga ungali juu, ikaja sauti ya mdogo wake. Shwari. Karibu.

"Nipo."

Hapo ndipo alipokumbuka kilichopungua. Tangu ajue kusema, Mudi hakuwahi kumwitikia bila kumwita braza.

Alifumbua mdomo aite tena. Rajabu aliuziba kwa kiganja.

"Usimpe jina tena," alimnong'oneza sikioni. "Umeshampa mara nne."

Walimpata alfajiri, kwenye mizizi ya mikoko. Hakuwa na alama ya moto. Mtumbwi wake uliopolewa hatua chache kutoka hapo, una tundu dogo la kuungua ubavuni, tundu ambalo mtu angeliziba kwa kitambaa akapiga makofi kuomba msaada. Kuna waliosema alishtuka akaanguka. Ravindra alilia mbele za watu, akafunga duka siku saba, na makasha yaliyobaki akayamwagia maji kwa mkono wake. Hakuna aliyemlaumu Shomari. Hilo ndilo lililomuumiza, maana alijua kamba ilivutwa mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa ndogo.

Baada ya mazishi Rajabu alirudi mtoni. Alikwenda siku ya pili, na ya tatu. Alipekua matete kwa upondo kutwa nzima.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Kasia lake."

"Ni ubao tu. Nitakulipa."

Rajabu alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Siku hiyo hakuwa na utani hata kidogo.

"Kile kitu kina sauti ya kila mtu," alisema. "Baba yangu alikijua, na babu yangu. Ukikipa jina, kinalitumia. Lakini hakina kasia. Hakijawahi kuwa nalo. Ndiyo maana tunagonga." Akatazama matete. "Nataka nilipate, Shomari. Nataka sana nilipate."

Hakulipata.

Fatuma alijifungua salama wiki tatu baadaye, mtoto wa kiume. Shomari hakuthubutu kwenda. Alituma mchele, alituma kanga, alituma salamu. Mwishowe mtoto alipotimiza arobaini hakuwa na kisingizio. Aliondoka Kariakoo baada ya alasiri, na kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, alizunguka mbali ili asipite Jangwani. Alifika Magomeni jua likizama. Maji ya bonde yalikuwa yamepanda hadi uani kwa Fatuma, yamefunika mfereji na kizingiti cha choo.

Fatuma alimkaribisha chumbani, akamwekea kiti. Alikuwa amekonda. Hakumkumbusha ile ahadi ya mlangoni. Alimpakata mtoto, akamfunua uso ili baba yake mkubwa amwone.

"Ana pua yake," alisema Shomari, na machozi yakamtoka.

"Ana kila kitu chake. Nimempa na jina." Fatuma aliinamia kichanga akakiita kwa sauti ile ya kubembeleza ambayo kina mama wote wanayo. "Mudi... Mudi wa mama..."

Shomari alinyanyua mkono amzuie. Alikuwa amechelewa.

"Nipo."

Sauti ilitoka uani, nyuma ya ukuta, usawa wa maji.

Fatuma hakushtuka. Hilo lilimtisha Shomari kuliko sauti yenyewe.

"Kila nikimwita mtoto, anaitika yeye," alinong'ona. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu asiyelala. "Kila jioni anasogea. Shemeji, si uliniahidi utamrudisha? Leo anataka nimfungulie."

"Fatuma, nisikilize. Huyo siye."

"Sauti yake siijui mimi?"

Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya nguo iliyosahauliwa ndooni. Shomari alisimama. Sasa alilijua la kufanya, alilolikataa usiku ule na ambalo angetoa chochote kulirudisha. Angemwonyesha Fatuma kwamba aliyeko nje si mumewe. Alikwenda kwenye mlango wa uani, akaukaza komeo, akakunja ngumi, akagonga ubao mara moja, kama Rajabu.

"Kama ni Mudi, atagonga mara nne," alimwambia. "Kile kingine hakiwezi. Sikiliza."

Wakasikiliza. Mvua ilidondoka kwenye bati. Mtoto, macho wazi, aliuelekeza uso mlangoni.

Kimya... Kimya...

Shomari alimgeukia shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu Diwali alihisi kifua kikimwachia. "Umeona?" alisema.

Nje, maji yalichezacheza. Kitu kizito kiliburuzwa juu ya kizingiti. Kisha, ubao juu ya ubao, polepole, bila haraka yoyote:

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Fatuma alikwisha kunyanyuka, mtoto kifuani, mkono mmoja umelishika komeo.

Ngo.