Dramu ya Marehemu Amiri

Haya yalimpata rafiki yangu Alawi, mpiga drams wa Likombe. Alikwenda Nanyamba kukagua drams za zamani alizokuwa anauza Faraji. Zilikuwa za kaka yake Faraji, Amiri, aliyeteketea ndani ya ghala la korosho.

"Ufunguo ulipotea, tukashindwa kumfungulia," Faraji alisema, wala hakuna aliyemuuliza.

Ngozi ya mbuzi kwenye dramu kubwa ilikuwa imelegea. Alawi akawasha makuti aipashe moto, kama tunavyopasha ngoma zetu zote.

"Usiipashe, bwana!"

Ngozi ilipokaza, kukasikika mtu anagonga kutoka ndani ya dramu, taratibu, kisha kwa hasira, kama anayegonga mlango.

Faraji akapiga yowe, akashika paja. Suruali yake ikatoboka mfukoni, na ufunguo ukaanguka mchangani, mwekundu kama kaa la moto.