Shangazi Alikalia Kitabu cha Ndoa

Nilimkuta shangazi yangu amekalia kitabu cha serikali.

Sitanii jamani. Shangazi Ozella, kofia ya kanisani kichwani, katulia juu ya kitabu kikubwa cha ndoa kwenye mahakama ya kaunti ya jirani, huku kwetu Georgia, Marekani.

"Shangazi, inuka."

"Miguu inaniuma, Verlene."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Baba anaumwa, madaktari wametuambia tujiandae. Ombi lake ni moja: azikwe ubavuni mwa babu Lucius, aliyeuawa na msumeno wa kiwanda cha mbao baba akiwa mtoto. Kamati ya makaburi ikataka cheti cha kifo cha babu.

Nikamuuliza shangazi, dada mkubwa wa baba. Akajibu fasta: "Rekodi ziliungua zamani. Usijisumbue."

Nikapiga simu. Hakuna kilichoungua...

Machale yakanicheza. Nikapekua rekodi za vifo vyote vya watu weusi kaunti yetu. Babu hayumo. Sasa nikaanza kuwaza mabaya. Au babu aliuawa na mtu, na shangazi anajua?

Nikamwambia nitazunguka kaunti za jirani. Asubuhi yake akawasha gari. Nikamfuata.

"Inuka, au namwita karani."

Akainuka. Jalada limeandikwa: NDOA, WAZUNGU.

Enzi zile weusi walikuwa na kitabu chao na wazungu chao. Sisi tunaotafuta ndugu zetu kile cha wazungu hatukigusi. Utamtafuta nani humo?

Nikafungua. Lucius Tarpley, na binti wa kizungu. Sahihi ni ileile iliyomo kwenye Biblia yetu. Tarehe ni baada ya mazishi yake!

"Ngozi yake ilikuwa nyeupe, hujui kama ni mweusi mwenzetu," shangazi akasema. "Akaenda kuishi kama wao. Mama akaona bora aitwe mjane kuliko aliyeachwa. Jeneza tulijaza matofali."

"Na baba?"

"Alilia sana siku ya mazishi. Nikashindwa kumwambia."

Nilimchukia, siwafichi. Baba kila mwaka anapalilia kaburi lile na kuongea nalo.

Nikampeleka amwambie mwenyewe. Baba akajiinua kitandani.

"Kwa hiyo mle hamna mtu?"

"Hamna, mdogo wangu."

"Basi toeni matofali, mnizike humo humo. Hilo kaburi nimelitunza mimi."

Alifariki wiki ile ile, na Jumamosi tulimzika humo.

Wenye siri za ukoo, semeni mapema. Shangazi alibeba ile siri maisha yake yote ili kumlinda baba, na baba aliibeba vizuri kuliko yeye.