Namba za Shamba la Juu

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akavaa viatu vyake vya shamba, kisha akachukua kipimo kilichoning'inia kwenye msumari pale ghalani. Kipimo hicho kilifanana na tochi ndogo. Ukikamua tone la maji ya zabibu juu ya kioo chake, ukachungulia kuelekea kwenye mwanga, unaona mstari umesimama kwenye namba fulani. Namba hiyo ndiyo inayokwambia zabibu ina sukari kiasi gani, na sukari ndiyo inayokuja kuchachuka ikawa divai.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na msimu huo alikuwa amepewa kazi ya mtu mzima. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa fundi wa divai wa familia. Lakini aliteguka goti wakati wa kupogoa mizabibu, na hakuweza tena kupanda mlima. Mama alishinda na wachumaji. Baba alishinda kwenye matangi. Ikabaki miguu ya Chiriku.

Mashamba yao yalikuwa matatu, moja juu ya jingine kwenye mteremko. La chini liliiva mapema, la kati likafuata. La juu lilikuwa karibu na mahali ambapo miti huisha na mawe matupu huanza. Huko jua la mchana liliunguza na baridi ya usiku iliuma, kwa hiyo zabibu ziliiva kwa mwendo wa konokono, zikawa na ganda nene na rangi nzito. Divai yake ndiyo iliyoipa familia sifa. Kulifikia ilibidi upande ngazi za mawe mia sita na arobaini. Siku ya kwanza Chiriku alizihesabu. Siku ya pili hakuwa na pumzi ya kuhesabu.

Huko juu alichuma punje ishirini kutoka kwenye vichala mbalimbali, vya kivulini na vya juani, akazikamua pamoja na kupima. Akishuka, aliandika namba kwa chaki kwenye ubao kando ya mlango wa ghala. Shangazi alisema wangesubiri mpaka namba ifike ishirini na nne. "Kwenye ganda rangi imeshakolea, lakini zabibu hudanganya," alimwambia. "Hupata rangi ya mtu mzima ingali mtoto. Ndiyo maana tunapima."

Majuma mawili ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Kisha uvunaji wa shamba la chini ukaanza, na kazi zikaongezeka. Akishuka mlimani Chiriku alikuta makreti hamsini yakimsubiri ayaoshe, maana kreti chafu huharibu divai. Akimaliza makreti, kulikuwa na hesabu za shule. Mara mbili alisinzia juu ya daftari, akaamka na wino shavuni.

Siku moja ukungu ulishuka mapema. Chiriku alifika kwenye ukuta wa shamba la kati, miguu ikiwa mizito kama magogo, akaketi kupumzika kidogo. Aliinua macho kutazama ngazi zilizobaki. Zilipotelea kwenye ukungu, kana kwamba hazina mwisho.

Juzi ilikuwa kumi na nane. Jana ilikuwa kumi na nane na nusu. "Basi leo ni kumi na tisa," alijiambia. "Nipande, nisipande, itakuwa hiyo hiyo."

Akaketi pale kwa muda ambao angeutumia kupanda, kisha akashuka na kuandika kumi na tisa. Shangazi aliutazama ubao, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Chiriku aliapa moyoni kwamba kesho angepanda. Lakini kesho yake makreti yalikuwa sabini. Akaongeza nusu tena. Siku ya tatu uongo haukumwuma kama siku ya kwanza, na hilo lenyewe lilimtisha kidogo.

Siku ya kumi na moja, namba kwenye ubao ilifika ishirini na nne.

"Imefika!" Shangazi aliita kutoka kwenye kiti chake. "Kesho asubuhi tunavuna la juu."

Baba alitoka ghalani, mikono yake ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Kwa majuma matatu alikuwa akisukuma chini maganda yaliyoelea ndani ya matangi, mara tatu kwa siku, ili yaloane na kutoa rangi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Kesho?" alisema. "Siku nyingi kabla ya baridi! Haya, naosha tangi la mwisho sasa hivi. Nikishalijaza, nalala siku mbili. Asiniamshe mtu hata nyumba ikiungua." Akacheka. Chiriku hakukumbuka lini alimsikia akicheka mara ya mwisho.

Wakati wa chakula Mama alimtazama. "Chiriku, leo umemeza ulimi?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Sote tumechoka, mwanangu. Kesho tunamaliza."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Wachumaji kumi na wanane walipanda ngazi wakiongozwa na msimamizi wao, mzee mmoja aliyeitwa Makoti kwa kuwa alivaa makoti mawili, mvua isiwe mvua, jua lisiwe jua. Chiriku alitangulia. Huenda zimeiva kweli, alijipa moyo. Alipofika juu alichuma punje moja nyeusi, akaing'ata.

Uchachu ulimfumba macho. Akatemea mbegu kiganjani. Ilikuwa ya kijani, mbichi kabisa.

Nyuma yake mikasi ilianza kulia. Chap, chap, chap. Alitaka kusema. Akamwona mama yake akigawa makreti huku ameshika kiuno kinachomuuma. Akamfikiria baba na lile tangi alilolisugua mpaka likang'aa. Kreti la kwanza likajaa, la pili, la tatu. Lilipojaa la sita, akapiga moyo konde.

"Mama! Wasimamishe!"

"Nini tena?"

"Hazijaiva."

"Hazijaivaje? Si wewe uliyeleta namba?"

"Nilizitunga, Mama."

Mikasi ikanyamaza mstari mzima. Mama alichuma punje, akatafuna, akatazama mbegu. Kisha akachukua kipimo kutoka mkononi mwa Chiriku na kupima mwenyewe. Ishirini kamili.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama aliketi juu ya ukuta wa mawe. Hakufoka. Chiriku angependa afoke.

Mzee Makoti alikohoa. "Mama, nimepekua makoti yote mawili. Sina gundi ya kuzirudishia." Wachumaji wawili watatu wakaguna kicheko. "Tupe kazi nyingine basi. Tumeshapanda, hatutashuka mikono mitupu."

Mama akafikiri. "Punguzeni majani yanayofunika vichala, upande wa jua la asubuhi. Zipate mwanga. Na wewe, Chiriku, twende kwa shangazi yako. Utamwambia mwenyewe."

Ngazi za kushuka hazikuwahi kuwa ndefu namna ile. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya meza ya kuchagulia zabibu, mguu wake juu ya kreti. Alisikiliza mpaka mwisho. Baba naye alitoka, akasimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Nilikuwa nimeshaosha tangi," alisema Baba polepole. Akaiweka ndoo chini. "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Nilichoka, Baba. Na nyinyi nyote mmechoka. Niliona haya kusema."

Baba alijifuta uso, akabaki na alama ya zambarau kwenye paji. "Tungezikamua leo tungepata divai chachu. Mwaka mzima wa kupogoa na kupalilia ungeingia kwenye siki." Akamgeukia mkewe. "Lakini sisi nasi. Chiriku amenyamaza siku kumi na moja ndani ya nyumba hii, na hakuna aliyeketi naye kumwuliza."

"Chukua kitambaa," Shangazi alimwambia Chiriku. "Futa zote kumi na moja. Kisha andika ishirini. Na yale makreti sita yatamwagwa kwenye mbolea. Utayamwaga wewe, uone yana uzito gani."

Aliyamwaga, moja moja. Yalikuwa mazito.

Tangu siku hiyo Shangazi alichukua kazi ya kuosha makreti. "Goti ndilo linalouma," alisema, "mikono mizima." Chiriku akabaki na mlima. Zabibu hazikuwa na haraka. Siku nyingine namba haikusogea hata kidogo. Baridi ilizidi, na asubuhi mbili Mama aliamka kukuta umande umeganda kwenye majani ya shamba la kati.  Baba alisukuma maganda, akakamua, akahamisha divai kwenye mapipa, akalala akiwa ameketi.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili, na kesho yake Chiriku alipochungulia kwenye kioo, mstari ulikuwa umerudi nyuma. Ishirini na moja na nusu, ilhali kabla ya mvua ilikuwa ishirini na mbili! Akapima tena. Ile ile. Nani angemwamini? Alishuka, akaandika alichokiona.

Shangazi alitazama ubao. "Mvua?"

"Mvua."

"Zimekunywa maji. Zitakauka." Basi, akaendelea kusugua kreti.

Siku ya tisa tangu afute ubao, Chiriku alirudi kutoka shule mwili unamuuma na kichwa kizito. Akasimama mbele ya shangazi yake. "Shangazi, leo siwezi."

"Huwezi?"

"Miguu haiwezi."

Shangazi alichukua chaki, akachora mstari mfupi mahali pa namba, na kumtuma akalale.

Siku ya kumi na saba mstari ulisimama kwenye ishirini na nne. Alipima mara tatu, akatafuna mbegu. Zilikuwa za kahawia na zilivunjika kwa sauti, kama njugu. Alishuka ngazi mbio, akiongea peke yake njia nzima.

Wakavuna siku mbili, midomo ikitoa mvuke kwa baridi. Mzee Makoti alimwazima mchumaji mwenzake koti moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Jioni ya pili kreti la mwisho lilimiminwa kwenye tangi. Baba alifunika, akaegemea ukuta, na kabla hajavua viatu alikuwa anakoroma. Mama alimtupia blanketi, akaketi kando yake.

Chiriku alibaki na Shangazi mbele ya ubao. Mwili wote ulimuuma.

"Unauona huu mstari wa siku ya tisa?" Shangazi aliuliza. "Siku ile sikujua zabibu zikoje. Lakini nilijua kwamba sijui, kwa hiyo nikasubiri kesho yake. Zile namba zako kumi na moja zilinifanya nidhani najua. Ndizo zilizowapandisha watu kumi na wanane mlimani kukata zabibu mbichi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Katika nyumba hii hakuna asiyechoka. Ukichoka, sema umechoka, tutagawana mzigo. Lakini ukiuficha uchovu wako kwa uongo, mzigo haupungui, unauhamishia kwa mwingine bila yeye kujua. Na ile asubuhi uliposema mbele ya watu wote, ulikuwa umechelewa kwa makreti sita. Lakini ulisema. Tangi hili limejaa kwa sababu hiyo."

Akajiinua kwa fimbo yake, akazima taa ya ghala.

"Sasa nenda kalale. Makreti ni ya kesho."