Zaidi ya Mia Kwenye Redio ya Onno

Giza lilikuwa linaingia Tomma alipobeba bisibisi zake kwenda kwa bibi yake, Gesche. Shule aliiacha mapema, ila mdomo hakuuacha. Ostfriesland nzima, kaskazini mwa Ujerumani, alijigamba, haijazaliwa redio ya kumshinda.

"Redio ya babu yako FM yake inaishia mia," bibi alisema. "Stesheni ya nyimbo zetu za zamani iko mia na tatu."

"Hiyo naifanya nikisinzia, bibi. Mimina chai."

Sukari ya mawe ikapasuka vikombeni. Trrk. Vikombe vitatu. Cha tatu cha marehemu babu Onno. Bibi hakuwahi kuacha kukimiminia.

Tomma akafungua mgongo wa redio. Skrubu ya masafa ilikuwa imezibwa kwa nta nyekundu.

"Nani kaziba?"

"Onno. Wiki ile aliyofariki. Alisema isiguswe."

"Babu naye! Mwoga wa skrubu!" Akaikwangua nta, akazungusha.

Akaiwasha. Redio ikapata moto, ikanuka vumbi linaloungua. Mshale ukafika mwisho wa namba. Nyimbo hazikuja. Lakini jicho la kijani, lile linalojifumba redio ikinasa stesheni, likajifumba... taratibu.

"Gesche... vaa koti. Njoo."

Sauti ya Onno.

Bibi akainuka, uso uking'aa kama wa bibi harusi. "Nakuja, mume wangu."

Tomma akachomoa waya ukutani.

Sauti haikukoma.

"Gesche... mlango uko wazi."

Na kweli mlango ulikuwa wazi. Baridi ikaingia. Mdomo wa Tomma ulikuwa ule ule.

"We! Onno ndiye aliyekuziba. Sasa wewe nani?"

Kisha kicheko, chembamba, si cha Onno.

"Cheka! Bibi yangu haendi popote!" Akairudisha skrubu kwa nguvu. Sauti ikakatika katikati ya neno. Akayeyusha nta, akaziba.

Bibi akaketi, koti begani, akilia bila sauti.

Tomma akakitumbukiza kijiko ndani ya kikombe cha tatu. Kwao, maana yake imetosha, humiminiwi tena. Akaenda kufunga mlango.

Aliporudi, kijiko kilikuwa kimelala kwenye kisahani. Kikombe kitupu. Bado kina joto.

"Bibi, umekigusa?"

Bibi akatikisa kichwa.

Tomma akakirudisha kijiko. Ting'.

"Nimesema imetosha."